Taya Lililokataa Kufungika

Meno yangu ya bandia yalitengenezwa Kigoma, enzi zile nilipokuwa navuka ziwa na magunia ya ndakala kavu. Nilikuwa mjane mwenye nguvu bado. Nilikuwa nimehama kutoka ufuko wa kaskazini, kwetu kwa Wabembe, nikajenga maisha Kalemie kwa hao ndakala, samaki wadogo wanaokauka juani. Meno niliyozaliwa nayo yalikuwa yameniacha moja moja. Mengine yaling'olewa kwa kuoza, mengine yalilegea yenyewe. Bibi zetu walisema kila mtoto huondoka na jino la mama yake, nami nilizaa sana.

Fundi wa Kigoma alinijaza kinywani kitu laini kama udongo wa mfinyanzi, chenye ladha ya mnanaa, akaniambia nirudi safari nyingine. Niliporudi alinivika safu mbili, ya juu na ya chini. Siku hiyo nilipanda boti nikiwa natabasamu peke yangu. Nilikaa ukingoni, nikayatabasamia maji, nikayatabasamia mawingu, na mzee mmoja mwenye mbuzi alidhani namtabasamia yeye.

Mume wangu wa sasa alinikuta nikiwa tayari na meno hayo. Yeye alikuwa mzee wa reli, amefanya kazi kwenye treni za kwenda Nyunzu na Kabalo mpaka alipostaafu, na mkewe wa kwanza alikuwa amefariki. Tulikutana kanisani. Alinipenda kwa sauti yangu, ndivyo alivyosema, kwa maana niliimba katika korali ya akina mama. Mimi nikajiwekea sheria moja moyoni: huyu mwanaume hatayaona meno yangu nje ya kinywa changu. Nikayasafisha bafuni, mlango umefungwa. Nikalala nayo. Nikaamka nayo. Miaka ikapita hivyo, na sheria ikawa kama ngozi yangu, sikuihisi tena.

Sijui maumivu yalianza lini hasa. Nakumbuka sauti kwanza. Kila nilipotafuna, kitu kililia kando ya sikio langu la kushoto, ka, ka, kama mtu anayekanyaga vijiti vikavu nyuma ya nyumba. Mara nyingine niligeuka kuangalia ni nani anayepita. Baadaye sikio lenyewe likaanza kuuma. Nikaamka asubuhi na kichwa kizito kwenye mapaji, mashavu yamechoka utafikiri nimetafuna miwa usiku kucha. Nilikwenda kituo cha afya, muuguzi akachungulia sikioni kwa taa yake, akasema, "Mama, sikio lako ni safi kabisa." Akanipa dawa ya matone kwa kuniridhisha. Matone yaliingia, yakatoka, maumivu yakabaki.

Ilikuwa ile miaka maji ya ziwa yalipopanda. Yaliingia kwenye nyumba za watu wa ufukoni, yakala mchanga tuliokuwa tunaanikia ndakala, tukahamisha vichanja vyetu juu zaidi, halafu juu zaidi tena. Mchana, jua linapokuwa kali, nilijilaza ndani kidogo, na kupitia dirishani ziwa lilionekana karibu mno, kana kwamba limekuja kuchungulia tumepika nini. Katika usingizi ule wa mchana niliota sana. Niliota natafuna mchanga. Niliota natafuna maji, na maji ni magumu. Niliota nina kinywa kilichojaa punje za mahindi na kila punje inasema neno, ila hakuna neno linalosikika kwa sababu zote zinasema pamoja. Nilipoamka taya lilikuwa limebana. Ilibidi nilisugue kwa kiganja kabla ya kumjibu mume wangu aliponiita.

"Mama, mbona hauongei?"

"Nimeamka sasa hivi, Papa."

Polepole nilianza kuacha vyakula. Niliacha nyama kwanza, halafu karanga, halafu samaki wa kukaushwa ambaye nilikuwa namuuza mwenyewe. Nikabaki na bukari, ugali wetu, niliyoifanya laini, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri. Pembe za midomo yangu zilipasuka, zikawa na majimaji. Nilipojitazama kwenye kioo niliona kidevu kimepanda kuelekea pua. Uso ulikuwa umekunjika kama mfuko uliovutwa kamba. Nikasema ni uzee. Uzee hubebeshwa mizigo mingi isiyo yake.

Halafu ikafika Jumapili ile.

Kanisa lilikuwa limejaa. Tulikuwa tunaimba wimbo wa kutoa matoleo, wimbo wenye sehemu moja inayopanda juu sana, na akina mama wa sauti ya kwanza tunaishikilia pale juu wakati wanaume wanazunguka chini. Nilifungua kinywa. Nilihisi taya likiteleza mbele, taratibu, kama mtumbwi unaosukumwa kutoka mchangani, halafu kitu kikagota mbele ya masikio yote mawili. Nikaishikilia sauti. Wenzangu wakashuka. Mimi sikuweza kushuka. Sauti iliisha, pumzi iliisha, na kinywa kilibaki wazi.

Mama aliyesimama kulia kwangu alinigusa kiwiko. Alikuwa mwanamke nadhifu sana, mwenye kuvaa nguo zilizopigwa pasi hata siku ya kwenda shamba.

"Mama, funga kinywa," alininong'oneza. "Wimbo umeisha."

Nilitoa sauti, "Aaa."

"Umuache," alisema mwingine nyuma yangu. "Roho amemushukia."

"Roho gani? Hauoni mate yanatoka? Hii ni kiharusi!"

Nikainua ncha ya kikwembe changu nikajifunika kuanzia pua hadi shingo. Waliniongoza nje kwa mikono, mmoja akiomba kwa sauti, mwingine akiita watu wapishe njia. Nilitaka kuwaambia kwamba siumwi sana, kwamba mikono na miguu yangu iko sawa, kwamba ni mlango tu umekwama. Lakini kwa kinywa kilicho wazi, hakuna neno hata moja la Kiswahili linalokamilika. Nilijaribu. Yote yanataka midomo ikutane mahali fulani.

Waliniweka kwenye pikipiki, dereva mbele, mama wa korali nyuma yangu akinishika kiuno. Safari ile ya kwenda hospitali naikumbuka kuliko safari nyingi ndefu nilizosafiri. Upepo uliingia kinywani ukaukausha ulimi. Ziwa lilitembea pembeni yetu, jeupe kwa jua, likionekana na kupotea katikati ya nyumba. Watu wa barabarani walikuwa wanasalimiana, wanabeba ndoo, wananunua mikate, na vinywa vyao vilikuwa vinafunguka na kufungwa, vinafunguka na kufungwa, bila wao kujua ni kitu cha ajabu namna gani wanafanya. Woga uliniondoka kabisa. Nilikuwa kama mtu anayeelea mgongo chini, masikio ndani ya maji, anayesikia dunia kutoka upande wa pili. Nikakumbuka mama yangu akinitafunia muhogo na kunipa mdomoni nilipokuwa na surua. Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo tangu utotoni.

Hospitalini muuguzi aliniangalia, akampigia simu munganga wa meno. Alikuja kutoka kanisani kwake naye, bado amevaa gauni la Jumapili na viatu vya kisigino. Alikuwa na umri wa binti yangu wa mwisho. Hakushtuka. Alinigusa mbele ya masikio kwa vidole viwili, pale palipokuwa pamebonyea shimo ambalo kwa kawaida halipo, akatikisa kichwa kwa kuelewa.

"Mama, pole. Taya limetoka kwenye fasi yake. Litarudi, usiogope. Kwanza tutoe haya meno."

Wakati huohuo mume wangu akaingia. Alikuwa amekuja kwa miguu, jasho linamtiririka, kofia mkononi. Alisimama mlangoni akihema.

Nilikataa kwa kichwa. Nilimwonyesha munganga mlango. Nilimnyooshea kidole mume wangu, nikaonyesha mlango tena, nikipunga mkono kwa nguvu: atoke, atoke. Munganga hakunielewa. Mume wangu alinielewa kinyume kabisa.

"Ananiita," alisema, akaja mbio akanishika mkono. "Niko hapa, Mama. Siendi fasi yoyote."

Basi nikafumba macho. Munganga aliingiza vidole, akayatoa meno ya chini, halafu ya juu, akayaweka kwenye bakuli la chuma. Nilisikia yakigonga chuma. Nilihisi mashavu yangu yakiingia ndani, na machozi yakatoka bila kuniuliza. Mume wangu hakuuachia mkono wangu.

Munganga alizungushia vidole gumba vyake kitambaa cheupe. Alinikalisha chini, kichwa kimeegemea ukuta, akasimama mbele yangu baada ya kuvua vile viatu vya kisigino. Akaweka vidole gumba kwenye ufizi wa nyuma, huku na huku.

"Legea, Mama. Pumua kama unayetaka kusinzia. Usinisaidie."

Alisukuma chini, kwa uzito, muda mrefu kuliko nilivyodhani naweza kuvumilia, halafu akarudisha nyuma. Kitu kikaingia kwenye nyumba yake kwa mshindo mzito ambao niliusikia hadi kisogoni. Midomo yangu ikakutana. Sitaisahau raha hiyo, midomo miwili kukutana tu.

Nikamgeukia mume wangu. "Papa, toka."

Alicheka. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Nitoke niende wapi?"

"Usiniangalie."

"Nisiangalie nini? Meno?" Alijikalia chini karibu nami, mzee mzima, mgongo ukutani. "Mama, mimi nilijua kabla ya ndoa. Muntu wa umri wetu, meno yote sawasawa, meupe kama vikombe vya harusi? Na ukilala yanasaga, krr, krr. Nalala mimi nasikia treni inapanda Nyunzu."

"Kwa nini haukusema?"

"Wewe hukusema. Nikafikiri, njo vile anapenda."

Munganga alijifanya anaandaa bendeji. Alinifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kama mtoto mwenye matubwitubwi, kisha akachukua meno yangu kwenye bakuli akanionyesha. Sikuwahi kuyaangalia vizuri kwenye mwanga. Yalikuwa yamelika. Magego yalikuwa bapa kabisa, laini kama mawe ya kusagia yaliyokwisha.

"Angalia, Mama. Haya yamekuwa mafupi. Ukifunga kinywa, taya linapanda kupita kiasi, halafu linateleza mbele kutafuta pa kukutana. Kiungo hiki kimezoea kuteleza. Na misuli hii," alinibonyeza shavuni, nikaruka, na kwenye paji, nikaruka tena, "inavuta mchana kutwa. Unalala na meno kinywani, kwa hiyo hata usingizini inavuta. Leo umefungua sana, kiungo kimepita mpaka wake."

"Na sikio?" niliuliza. Bila meno, neno lilitoka kama filimbi.

"Sikio ni jirani tu. Linasikia ugomvi wa nyumba ya pili."

Alitaka nikae bila meno kwa muda, ufizi na misuli vipumzike, ndipo anitengenezee mengine. Nisipanue kinywa. Nikisikia miayo, nishike kidevu kwa ngumi. Nile vitu laini. Na asubuhi na jioni niweke kitambaa cha moto kwenye mashavu.

Kazi ya kitambaa aliichukua mume wangu bila kuulizwa. Alikuwa anapasha chumvi kwenye sufuria, anaifunga ndani ya kipande cha shuka la zamani, anakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Halafu ananiwekea shavuni na kukishikilia. Mwanzoni nilifumba macho ili nisione akiniona. Joto lilizama polepole, likaifikia ile misuli iliyokuwa imekaza kama kamba za turubai, na moja baada ya nyingine ikalegea. Alikuwa anaongea wakati huo, hadithi za treni, za stesheni zilizoota nyasi, za abiria aliyesafiri na nyuki ndani ya kapu. Mara nyingi nilisinzia katikati ya hadithi, nikaamka hadithi ni nyingine, na ndani ya kichwa changu nyuki walikuwa wamehamia stesheni wakawa wanakata tiketi. Ndoto za mchanga zilipungua. Sikuona zilipoondoka.

Lakini nje sikutoka. Ndani ya nyumba yangu uso wangu ulikuwa umepata ruhusa, nje bado. Nilituma watu sokoni. Jumapili nilisikiliza kengele kutoka kitandani. Niliwaza kwamba korali sasa wana kichekesho cha miaka.

Wakaja wenyewe, mchana mmoja wa mvua, akina mama wa korali wamejikunyata chini ya miavuli, na mmoja amebeba sufuria ya samaki. Alikuwa kuhe aliyechemshwa na nyanya mpaka nyama inaachana na mifupa kwa kuguswa. Mume wangu alishawaingiza kabla sijapata cha kujifunika. Nikaweka kiganja mdomoni.

"Toa mukono, Mama," alisema yule aliyeniombea kwa sauti siku ile. "Sisi tuliona mpaka koo yako. Umebakiza nini cha kuficha?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka na kidevu nimekishika kwa ngumi, kama nilivyoagizwa, na hilo likawachekesha zaidi. Walikaa kwenye mkeka, mvua ikipiga bati, wakaimba taratibu nyimbo ambazo hazihitaji kupanda. Niliwafuata kwa kuguna tu, midomo imefungwa. Kifua kilitetemeka, mashavu yalitulia, na mvua ilikuwa inaingia ndani ya wimbo na kutoka. Sijui tulikaa kiasi gani. Chai ilipoa kwenye vikombe.

Walipoaga, yule mama nadhifu alichelewa makusudi akifunga mwavuli ambao alikuwa anakwenda kuufungua tena. Aligusa mbele ya sikio lake.

"Munganga wako," alisema chini chini, "anapokea siku gani?"

Nilimwangalia. Miaka yote hiyo nilimwonea wivu kwa tabasamu lake.

"Nawe taya linalia?"

"Linalia, Mama. Nilifikiri ni mimi peke yangu."

Tulikwenda pamoja wakati wangu wa meno mapya ulipofika. Munganga aliniwekea kinywani kipande cha nta, akanisubiri. Aliniambia nimeze mate, nilegee, midomo iguse tu, akapima kwa rula kutoka puani hadi kidevuni. Aliongeza nta kidogo, akapima tena. Alinitaka niseme, "Samaki sita sokoni," nikasema, nikarudia, mpaka mama nadhifu aliyekuwa anangoja kwenye benchi akaanza kusema nami. Munganga alikuwa anasikiliza zile "s" kwa makini, kichwa kimeinama. "Bado yanagongana," alisema, akakwangua. "Sema tena." Nilipokuwa nasema sokoni, sokoni, sokoni, nilijikuta nimefika sokoni kweli, ndani ya macho yaliyofumbwa, katikati ya harufu ya ndakala na vumbi la unga wa muhogo, na alipoacha kukwangua alinigusa bega kuniamsha.

Meno hayo mapya hayakuwa muujiza. Yalikuwa marefu kuliko nilivyozoea. Siku za kwanza nilihisi nimeazima kinywa cha mtu mkubwa. Nilijiuma ulimi. Nililia mara moja kwa hasira, nikayaweka kwenye kikombe cha maji nikayageuzia mgongo. Nilirudi kwa munganga akapunguza hapa na pale. Kidogo kidogo sikio lilinyamaza. Kile kilio cha vijiti kinakuja bado, lakini kwa mbali, siku nikichoka au nikiongea sana. Kwenye korali nilihamia sauti ya pili. Mwanzoni nilihuzunika, kwa maana huku chini hakuna anayekusikia. Sasa naipenda. Ukiwa chini unasikia wengine. Mama nadhifu naye yuko huku, pembeni yangu, na wimbo ukiwa mrefu tunashikana mikono.

Msimu wa mvua uliopita tulialikwa arusi Kirungu, kwa ndugu wa mume wangu. Tulishuka na boti hadi Moba, halafu pikipiki zikatupandisha milimani kwenye baridi. Baridi ile haipatani na taya langu. Jioni lilikaza kama bawaba iliyopigwa kutu, nikaomba uji wakati wengine wanakula mbuzi. Tulilala wanawake wengi chumba kimoja, wengine siwajui hata kwa sura. Kabla ya kulala niliomba kikombe cha maji, nikakaa kwenye mkeka, nikayatoa meno yangu ya juu na ya chini, nikayaosha, nikayatumbukiza. Wenzangu waligeuka wakakitazama kikombe.

"Mama," alisema msichana aliyekuwa anasuka nywele za bibi arusi, "hayaumi kutoka?"

"Yanauma kubaki," nilimjibu kwa ile sauti yangu ya filimbi.

Wakacheka, kisha wakauliza maswali mengine, na mwanamke mmoja mzee kutoka kona ya giza akataka nimguse taya lake nimwambie kama ni tatizo lilelile. Nilimgusa. Misuli ilikuwa migumu kama fundo. Nilimwambia atafute chumvi ya moto, na akipata nafasi ateremke Kalemie.

Asubuhi niliamka kabla yao. Ukungu wa milimani ulikuwa umeingia kupitia chini ya mlango, umetanda juu ya mikeka, na vichwa vya wanawake vilikuwa vinaonekana kama visiwa. Nje, jogoo aliwika, na mtu alikuwa anapasua kuni. Nililala chali bila meno, kinywa kimelegea, ulimi umetulia mahali pake, nikingoja moto uwashwe.